Karatasi Iliyoshikwa Kichwa Chini

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukipiga mabati ya ukumbi wetu mpaka watu wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti, nilipomwaibisha mama wa watu mbele ya halaiki. Sikumgusa hata kwa kidole. Nilitumia ulimi tu, na maneno yenyewe hayakufika kumi. Miaka mingi imepita tangu siku ile. Nimezaa, nimezika, nimefanya kazi ya masjala ofisini mpaka nikastaafu, lakini maneno yale bado nayasikia kama yaliyosemwa asubuhi hii.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu Jumamosi ijayo kikundi chetu cha maigizo kina usaili, na mimi ndiye ninayekaa mlangoni na daftari la majina. Mmekuja wengi mwaka huu. Wengine mmenisalimu "mambo, Bibi", kisha mkajishika mdomo na kusema shikamoo. Sikukasirika, nami nilikuwa kijana. Baada ya mavuno tutacheza hapa Sumbawanga siku mbili, kisha tutakwenda Matai, na barabara ikiruhusu tutashuka mpaka Kabwe ziwani kuwachezea wavuvi na wachuuzi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kila anayeandika jina ananiuliza swali lile lile: Bibi, ile sehemu kubwa bado ipo? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani atabeba mabenchi. Siwalaumu. Hata mimi sikuuliza.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Mbeya, akatuleta huku sisi sote na vyombo vyetu nyuma ya lori. Nyumbani tulisema Kinyakyusa na Kiswahili, na Kiswahili changu kilikuwa cha shule, kimenyooka kama kimepigwa rula. Nilijua kwamba kimenyooka, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Nilikuwa nimekwisha cheza maigizo mawili, wanawake wakanisifu sokoni, nikaanza kutembea mjini kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, shingo haigeuki. Kifipa sikukijua. Nilikuwa nimekaa Ufipa miaka tisa, nimekula ugali wa ulezi wa Wafipa na maharage yao, na Kifipa changu kiliishia kwenye salamu. Niliona hakina kazi kwa mtu kama mimi.

Mwongozaji wetu alikuwa Mwalimu Kasiani, Mfipa wa hapa hapa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alivaa koti zito hata jua likiwaka, na mfukoni hakukosa karanga za kukaanga, ambazo alizitafuna moja moja anapofikiri. Ukimwona ameingiza mkono mfukoni ulijua kuna neno linakuja, ila hujui litafika lini. Maigizo aliyatunga mwenyewe, akayaandika kwa mkono kwenye madaftari, nasi tukayanakili.

Mwaka ule alitunga igizo la koo mbili zinazogombea mpaka wa shamba. Kulikuwa na mama mwenye shamba, na binti yake aliyeolewa kwenye ukoo wa pili. Karibu na mwisho, mama anachora mstari ardhini kwa fimbo, anamwuliza binti yake: umesimama upande gani? Binti anajibu kwamba amezaliwa upande mmoja na kuzaa upande wa pili, na kwamba mstari ule umepita katikati ya mwili wake. Basi mama anaufuta mstari kwa mguu, na ugomvi unakwisha. Sehemu ya binti kila mtu alijua itakuwa yangu, na wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Sehemu ya mama haikuwa na mwenyewe.

Siku ya usaili Mwalimu Kasiani alinipa kazi ya kuandika majina na kugawa karatasi. Kila aliyekuja alipewa ukurasa mmoja ulionakiliwa, akae kwenye benchi ausome kimya, kisha aitwe mbele ausome kwa sauti. Walikuja walimu wawili, mke wa fundi seremala, wasichana wa shule, na karani mmoja wa posta. Ukumbi ulijaa, maana wengine walikuja kutazama tu, kama wanavyokuja hadi leo.

Akaja pia mama mmoja kutoka kijiji kilicho chini ya Milima ya Mbizi. Jina lake Mama Leokadia. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miguu ina vumbi la njia, khanga mbili na sweta la kiume lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa amesindikizwa na majirani zake wanne, wanawake wa rika lake, wote wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Nilimpa karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha heshima, akaenda kukaa.

Nilipopita kuhesabu waliobaki, nikamwona ameishika karatasi mbele ya uso wake, macho yanatembea juu yake polepole. Na karatasi ilikuwa kichwa chini.

Sasa sikiliza, mwanangu. Hapo nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kupita. Ningeweza kukaa karibu naye nikamwambia kwa chini, mama, twende nje kidogo nikusomee. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na watu walikuwa wengi, na upepo ulikuwa unapiga mabati hata mtu akawa na kisingizio cha kupaza sauti.

Nikasema, "Mama, karatasi umeishika kichwa chini. Geuza usome."

Akacheka mmoja, wakacheka kumi. Wale wasichana wa shule walijiinamia. Nami nilitabasamu, Mungu anisamehe, kama mtu aliyesema jambo la busara. Mama Leokadia hakugeuza karatasi. Aliinuka, akaiweka juu ya benchi taratibu na kuilaza vizuri isipeperuke, akaniambia asante, akatoka. Majirani zake wanne wakainuka nyuma yake. Hawakucheka, ila mmoja wao alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikivuja damu utakifunga kitambaa. Ulimi ukijikwaa, damu inamtoka mwenzio.

Mwalimu Kasiani hakunikaripia mbele ya watu. Aliendelea na usaili mpaka mtu wa mwisho, akawashukuru wote, akawaaga. Tulipobaki wawili alikaa kwenye benchi lile lile, akaingiza mkono mfukoni. Nilidhani anataka kuniambia nani amefaulu.

Akaniambia kwamba mama yule hakuja kwa kujipeleka. Yeye mwenyewe Mwalimu alikuwa amekwenda kijijini kwake kumwomba, mara mbili. Alikuwa amemsikia kwenye msiba wa jirani, akiwasemesha ndugu waliokuwa wakigombana juu ya kaburi, na watu mia mbili wakanyamaza bila yeye kupandisha sauti. Tangu siku ile alikuwa akiandika igizo lile kwa sauti ya mama yule kichwani mwake. Alimwambia aje tu, asiogope. "Kosa langu," alisema, "ni kwamba nilisahau habari ya karatasi. Kosa lako unalijua."

Nikaanza kujitetea. Nikasema sikujua kwamba hajui kusoma, na kwamba nilichosema kilikuwa kweli. Alitafuna karanga yake mpaka ikaisha.

"Igizo hili lina mama na binti," akasema. "Mama umemfukuza. Sasa binti atalia na nani?"

Halafu akanipa ufagio nifagie ukumbi.

Nilifagia wiki mbili. Kila siku ya mazoezi nilifika kabla ya wengine, nikapanga mabenchi, nikachota maji, nikashona vifungo vya maleba, na wengine wakasoma sehemu ya binti nikiwa nasikia. Hakusema nimeondolewa, wala hakusema nimebaki. Nilimwona mzee mkatili. Sasa najua alikuwa ananingoja. Maana hakuniambia niende kwa yule mama. Alitaka niende bila kuambiwa.

Nilikwenda siku ya Jumanne. Nilitoka mapema, baridi inakata masikio, nikatembea mpaka jua likawa juu ya vilima. Nilipouliza njia karibu na mashine ya kusaga, nikataja jina la Mama Leokadia, vijana waliokuwa wameketi juu ya magunia wakatazamana. Mmoja akasema, "Unamtaka Mama Karatasi?" Wakacheka.

Hadithi ilikuwa imefika kabla yangu, imekaa, imezaa jina. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na haya niliyamwaga mimi.

Nilimkuta shambani akivuna ulezi pamoja na wanawake wengine. Aliniona nikija toka mbali. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza nimelalaje na wazazi hawajambo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa kisu kidogo na kikapu, akanionyesha mstari wa kuanzia. Nikakata masuke ya ulezi mpaka adhuhuri. Mikono yangu ya kitoto cha karani ilipasuka, na hakuna aliyenihurumia. Wanawake wale walikuwa wakiongea Kifipa, mara kwa mara wanacheka, na kila wakicheka nilidhani wananicheka mimi. Labda walikuwa wananicheka kweli. Labda walikuwa wanasema habari za mbuzi. Sikujua, na kutojua kule kulinichoma kuliko jua.

Tulipokaa kunywa togwa ndipo nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno marefu njiani, yote yakanitoroka. Nilisema tu, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Sikukukasirikia," akasema. "Nilichoka. Nimetembea toka alfajiri, nimeazima sweta la mume wangu, majirani wameacha kazi zao wanisindikize. Nikarudi na jina."

Nikamwuliza kwa nini aliichukua ile karatasi. Akanijibu, "Kila mtu alichukua. Ningekuwaje peke yangu mikono mitupu?"

Nililia pale. Hakunibembeleza wala hakunizuia, aliniacha nilie nimalize. Kisha akaniuliza kama igizo lile ninalo. Nilikuwa nalo, daftari zima lilikuwa kwenye mfuko wangu, sijui kwa nini nililibeba. Akasema, soma. Wakarudi kukata ulezi, nami nikawa natembea nyuma yao kwenye mabua nikisoma kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii ambayo nilidhani ninaijua. Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa tatu akanisimamisha. Akasema mama huyu hasemi hivi. Mama mwenye shamba hasemi "moyo wangu umejaa huzuni". Nikamwuliza anasemaje. Akanyooka, akashika kiuno, akatazama upande wa mpaka wa jirani yake, akasema, "Anasema: mwaka huu sitapanda maharage upande ule." Wanawake wote wakaguna, hata aliyekuwa mbali. Nikachukua kalamu nikakata maneno ya Mwalimu Kasiani na kuandika yake.

Alikubali kuja. Aliweka masharti mawili: hatashika karatasi, nami nisimwombe radhi tena. "Pole ikizidi," alisema, "inakuwa mzigo wa anayepewa." Kuanzia hapo nilikwenda kwake kila Jumanne na kila Ijumaa. Nilisoma, naye alirudia. Maneno niliyoyahangaikia mimi siku tano aliyashika kwa kusikia mara mbili. Mwalimu Kasiani alipoona daftari lake limejaa makovu ya kalamu yangu, alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamwambia kila mmoja anakili upya. Sehemu ya binti akanirudishia.

Tulicheza mjini mara mbili, na tulipokelewa vizuri. Lakini siku ninayotaka uijue ni ya Matai.

Tulikwenda kwa lori, maleba kwenye magunia, sisi juu ya magunia. Uwanja wa kuchezea ulikuwa nje kabisa, jukwaa halikuwapo, ni ardhi iliyofagiliwa na kamba imezungushwa. Watu walikuja wengi, maana mavuno yalikuwa yamekwisha na mikono ilikuwa wazi. Mbele kabisa walikaa mabibi vizee, safu nzima, wamejifunga mablanketi kwa ajili ya upepo.

Tulianza vizuri. Tulipofika kwenye ugomvi wa mpaka, nikaona jambo. Mama Leokadia akisema neno, bibi mmoja wa safu ya mbele anamwinamia mwenzake kuuliza, mwenzake anamfasiria, wa tatu anauliza amesemaje. Kiswahili chetu kilikuwa kinawapita. Mama Leokadia naye aliliona. Alinyamaza. Nilidhani amesahau, nikajiandaa kumnong'oneza. Hakuwa amesahau. Alivuta pumzi, akawageukia wale mabibi, akaanza kusema Kifipa.

Sijui alisema nini. Hata leo sijui yote. Alisema kwa muda mrefu, mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari lolote. Uwanja ulitulia. Kuna mzee mmoja alivua kofia. Bibi mmoja alianza kumwitikia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoitikiana msibani, kisha safu yote ikaitikia. Mama Leokadia alichora mstari kwa fimbo, akasimama upande wake, akanitazama, akaniuliza swali. Nikajua tu kwa jinsi sauti ilivyopanda kwamba ni swali. Akangoja.

Mwanangu, nilisimama pale kama mti uliokauka. Swali nililijua, nilikuwa nimelisikia mara mia, ila nilizoea likitoka kwa Kiswahili. Sikuwa na hakika kama amefika kwenye swali lile au bado. Nikijibu mapema, nimeharibu. Nikijibu kwa Kiswahili Kifipa kikiwa hewani, nimeharibu zaidi. Nikaona watu wananitazama, nikaona kijana mmoja nyuma anamgonga mwenzake kwa kiwiko, nikasikia, wazi kabisa, "Huyo hajui." Kicheko kikaanza upande wa nyuma, kikawa kinakuja mbele.

Mtu aliyekuwa na kila haki ya kungoja kicheko kile kinifikie alikuwa mbele yangu hatua tatu. Angeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi.

Mama Leokadia aliuvuka mstari aliouchora mwenyewe. Alinishika mabega akanigeuza taratibu, uso wangu ukawa kwake na mgongo kwa watu. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile isiyopanda lakini inayofika, "Mwanangu, umekaa kwa watu siku nyingi, hata lugha ya nyumbani imekukimbia. Sikulaumu. Basi nakuuliza kwa lugha ya kule ulikoolewa. Umesimama upande gani?"

Kicheko kilikufa. Watu walivuta pumzi kwa pamoja. Wao waliona ni igizo, waliona mama anamhurumia binti aliyepotewa na maneno ya kwao, na akina mama kadhaa walianza kujifuta macho. Nilijibu maneno yangu yote, sikuacha hata moja, na machozi niliyoyatoa hakuna mwongozaji aliyenifundisha. Alipoufuta mstari kwa mguu, mabibi wa safu ya mbele waliinuka na mablanketi yao wakaja kumshika mikono.

Kwenye lori tukirudi nilikaa karibu naye. Nilitaka kusema asante, nikakumbuka masharti yake, nikawa najibana. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema bila kunitazama, kama mtu anayezungumzia mvua.

"Siku ile ukumbini ulisema kweli. Karatasi ilikuwa kichwa chini. Ila ungeweza kuninong'oneza."

Basi. Hakurudia tena neno hilo maisha yake yote.

Aliigiza nasi miaka saba. Kusoma hakujifunza; nilijaribu kumfundisha, akasema macho yake yamezoea ulezi, herufi ni ndogo mno na hazina chakula ndani. Mimi ndiye niliyejifunza Kifipa, kwake, shambani, Jumanne na Ijumaa, hata baada ya igizo kwisha. Mpaka leo wajukuu zangu wananicheka ninavyokitamka. Mwalimu Kasiani alikufa kwanza, Mama Leokadia akamfuata baada ya masika mawili. Nilikwenda kumzika. Na pale msibani, mwanangu, nilimsikia mzee mmoja akimweleza mgeni marehemu ni nani. Akasema, "Ni yule Mama Karatasi." Hakusema kwa ubaya. Jina lilikuwa limeshazoeleka, limekuwa jina tu. Watu walikuwa wamesahau lilikotoka. Mimi sikusahau, maana nililitoa mimi.

Nakumbuka bado vumbi la uwanja ule wa Matai, harufu ya magunia, na jinsi tulivyoimba njiani tukirudi, Mwalimu Kasiani akigawa karanga juu ya lori mbegu tatu tatu. Zilikuwa siku nzuri. Nikiziwaza natamani nizirudie zote, isipokuwa alasiri ile moja.

Sasa nakuambia ninachotaka ukishike. Jumamosi ukija, hutapewa karatasi usiyoitaka. Anayesoma atasoma, na asiyesoma nitakaa naye nje kwenye ngazi nimsomee, naye atarudia, na hakuna atakayeulizwa sababu. Utawaona watu wakitetemeka. Utamsikia mwenye lafudhi ya kijijini kwao, na atakayeanza neno mara tatu kabla halijatoka. Usimcheke. Hujafa hujaumbika, na jukwaa lina namna yake ya kumfikia kila mtu. Ukiona mwenzio amekosea, kweli isogeze mpaka sikioni kwake, uisemee hapo. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, wamesema wahenga, nami naongeza kwamba wewe uliyesimama karibu unalo shuka lako mabegani. Mtupie.

Usipopata sehemu unayoitaka, usikunje jina lako ukaondoka nalo. Tunahitaji wa kushona maleba, wa kubeba mabenchi, wa kubandika matangazo sokoni na kuyatuma kwenye makundi ya simu, wa kushika daftari wakati wenzake wanajifunza. Mimi nilijifunza kuigiza nikiwa na ufagio mkononi na kisu cha ulezi, siyo pale mbele nilipokuwa nikipigiwa makofi. Na ukipata sehemu kubwa, mshukuru Mungu, halafu umtafute yule anayecheza nawe, ujue anakotoka na lugha anayolilia. Siku maneno yako yatakapokukimbia, na yatakukimbia, hakuna mwingine atakayekuokoa ila yeye.

Nenda, mwanangu, na Mungu Baba akutangulie. Akupe sauti inayofika bila kupanda. Akupe watu wa kukusindikiza unapokwenda, na wasione haya kurudi nawe. Ulimi wako auweke karibu na moyo wako, na makosa yako ayaweke mikononi mwa watu wema. Uzeeke ukiwa na mengi ya kukumbuka, na machache ya kutamani usingeyasema.